Uniti Kumi na Nne

Faili nilipewa Jumatatu, zito kama mtoto aliyelala,
kurasa mia sita na kumi, kamba nyekundu kiunoni.
Karani Hermínio akaninong'oneza kama anayeomba radhi:
"Dona Graciete, soma polepole. Hakuna anayekusubiri."

Mimi si mhandisi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja
hapa Vale da Lontra, Bonde la Fisi-maji.
Fisi-maji hayupo, limebaki jina.
Madirisha ya shule yanayotazama mto
hayafunguliwi tangu Aprili hadi mvua za Oktoba;
watoto wangu walijifunza kugawanya
huku wakipumulia mdomoni.

Nguruwe elfu arobaini bondeni, watu elfu tatu.
Anayekula lazima anye,
hilo halitaki mshauri kutoka Lisbon.
Samadi ikiwa haba huitwa mbolea, mahindi huinamia;
ikizidi huitwa tatizo,
na tatizo likishapata makadirio huitwa mradi.

Basi mradi ukaja. Euro milioni tisa,
kisha kumi na moja, kisha kumi na nne na nusu,
kwa sababu mwamba ulikuwa mgumu, kwa sababu chuma kilipanda bei,
kwa sababu ya "mengineyo", ukurasa wa mia mbili na nne,
mengineyo ya laki saba bila nukta ya maelezo.
Mla nguruwe huchagua aliyenona,
na kwetu aliyenona hakuwa zizini.

Nakumbuka uzinduzi. Utepe wa buluu, mkasi wa kukodi
(upo kwenye ankara, mkasi: euro thelathini na mbili),
bendi ya wazima moto, vipaza sauti, mvinyo.
Mgeni rasmi alisema mikunga watarudi mtoni kabla ya Krismasi.
Belmiro, mwenye nguruwe mia nane,
alipiga makofi kuliko sote:
mchango wake aliulipa kwa kuuza trekta.

Tangu hapo, kila mwezi, ankara ya uendeshaji,
elfu thelathini na nane:
kusukuma maji, kupuliza hewa, kuchuja tope.
Muhuri, sahihi, muhuri.
Usiku, mezani jikoni, nikajumlisha.
Kila kitu kilikuwa sahihi, hadi senti.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Hesabu za watu wakweli huwa na makosa.

Asubuhi nikapanda baiskeli ya dada yangu hadi mtamboni.
Lango limefungwa kwa waya wa kufungia majani makavu.
Mlinzi hayupo, ingawa analipwa.
Tangi la kwanza: maji ya mvua.
La pili: maji ya mvua, na chura.
La tatu, mbayuwayu wamejenga chini ya mfuniko;
tope walilolibeba wao kwa midomo
ndilo pekee lililoshughulikiwa humo.

Nikatafuta mita ya umeme.
Ipo nyuma ya nyumba ya pampu, kioo safi kama miwani mpya.
Nikasoma mara tatu, kama nilivyowafundisha wengine.
Sifuri, sifuri, sifuri, moja, nne.
Vipaza sauti vya siku ile, na taa,
na birika la kahawa la mgeni rasmi.

Jioni nilimwonyesha Belmiro. Hakusema kitu.
Aliingia ndani, akatoka na stakabadhi ya trekta,
akaiweka juu ya karatasi zangu, akainyoosha kwa kiganja.
Halafu akaenda kufungua bomba lake,
maana bwawa la samadi limejaa, na mvua inakuja,
na mto uko palepale ulipo siku zote, chini.
Sikumzuia. Naandika hilo pia.

Alhamisi, mbele ya halmashauri, wataniuliza nani aliidhinisha.
La kuvunda halina ubani. Nitasoma.
Awamu ya kwanza, ukurasa wa tisa, wajumbe saba waliafiki.
Wa nne katika orodha,
kwa wino wa kijani uliosahihisha madaftari ya bonde zima,
mwandiko mzuri, unaosomeka hata kwa mbali,
ni mimi.