Simu ya Chaguwa

Ntwali ameiweka juu ya kitambaa cheusi
kama mtu anayelaza mtoto wa watu.
«Mama Cibalonza, hii miaka mitano iliyopita
ilikuwa inatembea na mawaziri.»
Sawa. Na leo iko Kadutu, kwenye meza ya mbao,
kati ya chaja zilizofungwa kamba na betri za redio,
inangoja fundi cherehani.

Dola mia moja na themanini.
Kwa bei hiyo, kule Nyawera, napata mpya kabisa,
ndani ya boksi, nailoni yake bado juu ya kioo,
jina lake silijui, wala anayeiuza halijui vizuri.
Kipya kinyemi, ndiyo, nimeisikia hiyo.
Lakini mimi nimeshona miaka kumi na tisa,
nailoni hainidanganyi.

Nguo ya chaguwa hununuliwa kwa ndani.
Unaipindua, unavuta bitana,
unanusa kwapa bila aibu,
unatafuta mahali sindano ya kwanza ilipopita.
Koti lililoshonwa na mtu aliyejua kazi,
hata likichakaa viwiko, bado lina mabega.
Nikamwambia Ntwali: ipindue nione.
Akacheka. «Hii haipinduliwi, Mama, imegandishwa kwa gundi.»
Hapo moyo ukarudi nyuma hatua moja.

Betri asilimia sabini na tisa, anasema.
Sabini na tisa za nini? Huku kwetu
umeme unakuja kama shemeji:
usiku, bila hodi, na unaondoka kabla ya chai.
Anasema pia, kwa sauti ya chini, na namshukuru kwa hilo,
kwamba walioiunda wameacha kuipelekea masahihisho.
Kama mjane ambaye wakwe wameacha kumtembelea:
anapika, anafua, anaimba kanisani,
ila siku akiugua hatajua ampigie nani.

Mgongoni ina mchubuko, mrefu kama ukucha.
Ndani, wanasema, mna vumbi la jiwe la huku.
Mjomba Mushagalusa alichimba Nzibira misimu minne,
akarudi na kikohozi na redio.
Labda jasho lake limo humu, sijui,
na Ntwali hapunguzi bei kwa ajili ya mjomba.

Nawaza karo ya Asifiwe, muhula wa pili.
Nawaza hii niliyo nayo, picha zake zote zina ukungu:
mteja wa Uvira aliona bluu,
likamfikia gauni la kijani, akalirudisha na basi.
Mpaka leo linaning'inia mlangoni,
kila asubuhi linanipangusa uso.

«Jaribu kamera,» Ntwali anasema.
Sikupiga ziwa, ingawa lilikuwepo, chini kule, nyuma ya mabati.
Sikujipiga mwenyewe.
Nilipiga kola ya shati nililokuwa nimelishika,
la mwalimu Zihalirwa, la kuchukuliwa kesho,
nililolimaliza usiku kwa tochi, nikajisifu.

Nikaikuza kwa vidole viwili.
Nyuzi zikaja moja moja, nene kama kamba ya mbuzi,
na pale, karibu na kifungo cha juu,
mishono mitatu imeteleza nje ya mstari.
Mitatu. Hapakuwa na jicho Bukavu nzima la kuiona.
Sasa lipo moja.

Nilinyamaza mpaka mvua ikaanza,
Ntwali akaifunika meza yote kwa plastiki,
simu ikiwa bado mkononi mwangu.
Nikampa ishirini ya kushikia, noti isiyo na mkato.
Akaichunguza pembe zote nne, akaipindua,
akaiinua kwenye mwanga.
Nikamwacha aichunguze. Ni haki yake.

Kisha nikapanda ngazi za matope kwenda nyumbani
kufumua kola.