Kiti cha Kushoto

Kigari cha idara kina viti viwili tu, bega kwa bega,
na injini imejilaza chini yake
kama kuku anayeatamia, hataki kuguswa.
Cha kulia ni changu mimi dereva.
Cha kushoto ni cha Sechelela,
mwanamke ambaye Chipanga nzima humwita bwana mifugo.

Miezi saba nilimwona
akiikunja kanga mara nne, akaikalia,
boksi la chanjo mapajani, sakafuni haliweki.
Nikadhani ni madaha.
Nikamtania: "Dada, na wewe unaatamia?"
Akacheka kidogo, akageukia majaruba.

Novemba, nge alinidunga kidoleni
nikiinua dumu la petroli.
Usukani akashika yeye.
Nikapanda kushoto, mara ya kwanza.

Hatujavuka reli vizuri,
kitu kikaanza kunipumulia chini ya paja.
Kufika kwenye udongo mweusi, nilikuwa chapati,
upande mmoja tayari, wa pili unasubiri.
Ndani ya boksi maji yakacheza
mahali palipokuwa na barafu.
Tone moja, jicho moja la kuku, ndiyo kinga ya kideri;
lakini chanjo ikishapata joto
unamwosha kuku uso tu, unaaga, unaondoka.

"Sechelela, kiti kinaunguza."
Hakugeuka.
"Kumbe," akasema.
Neno hilo moja nililikalia mpaka Bahi.

Usiku nikakunja gunia la katani, nikalisokomeza chini ya mto.
Asubuhi likafuka moshi mbele ya shule,
watoto wakatukimbilia na ndoo, wanashangilia.

"Ulitaka kuuvalisha moto shati?" Mbijima fundi akauliza.
Akang'oa kiti, akanionyesha:
bomba la moshi, kiganja kimoja tu kutoka kwenye makalio ya mtu;
matundu kuzunguka gia, wazi kama midomo;
rejeta imezibwa na mbegu za nyasi,
vumbi la kiangazi kizima limeganda humo.
Akaiosha kwa maji ya taratibu, kutoka ndani kwenda nje.
Bomba akalifunga ukanda mbichi wa kukinga joto,
tukacheka, mimi na bomba, wote tuna bandeji.
Matundu akayaziba kwa tyubu ya baiskeli.

Kisha akapasua debe la mafuta ya alizeti,
akalinyoosha kwa nyundo, upande unaong'aa ukatazama chini.
Nikalikandamiza juu ya bomba.
Akanipiga mkono, ule ule wa nge.
"Usilibandike! Bati likigusa moto, nalo ni moto."
Washa tatu kila bolti,
nafasi ya kidole.
"Hewa ipite hapa, itokee nyuma.
Tembe ya bibi yangu Mvumi ilijua hili.
Nje Oktoba inachoma, ndani unatafuta shuka.
Udongo mnene, mlango mfupi, na tundu dogo
la joto kutokea bila kutukanwa."

Sikudanganyi, kiti hakikuwa baridi.
Kilikuwa vuguvugu, kama kiti alichoinuka mgeni sasa hivi.
Lakini kanga ilirudi mabegani,
na Chipanga tulifungua boksi
barafu bado ina kona zake.
Kuku mia mbili na kumi na sita.
Aliwahesabu kwa sauti, kama anayenidai.

Sasa ni Juni.
Upepo wa asubuhi unakata masikio,
Sechelela anajikunyata, anakipiga kiti kofi:
"Mwambie Mbijima afungue hilo debe, hata robo!"

Simjibu.
Njia ni mbovu, natembea polepole,
nasikiliza barafu ikigongana mapajani mwake.
Boksi bado haliweki chini.