Sahani ya Muntaha

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.
Hata limau moja, hata fundo la bizari, utatia.
Muntaha hakufundishwa: na kwao, alisema,
kule Khan Yunis, ni aibu hiyo hiyo.
Basi miaka sita sahani ya maua ya buluu
ilipanda na kushuka ngazi za jengo letu la Ruwi
(lifti imekufa tangu Rajabu, mwenye jengo hapokei simu),
ikipanda na vitumbua,
ikishuka na mabiringani yaliyolazwa katika mafuta ya zeituni,
ikipanda na boko boko la Idi,
ikishuka na wali uliopinduliwa, kichwa chini, bado unatoa moshi.

Mama humwita "mwanangu" kwa Kiswahili,
naye huitika kwa Kiarabu cha kwao.
Mama alitoka Unguja na miaka kumi na moja na gauni moja.
Hasemi sana habari hiyo. Muntaha hamuulizi.

Mumewe, Raafat, ni mwalimu wa hesabu.
Kila baada ya miaka miwili hupanga foleni na hati yake,
si pasipoti, si kitambulisho, kitu baina,
na karani, kijana mpole, humuuliza:
"Ustadhi, mkataba ukiisha, utarudi wapi?"
Fomu imeacha mstari mmoja wa jibu.
Raafat, anayewakataza watoto kugawa kwa sifuri,
huandika hapo anwani ya shule.

Siku hizi nyumba nzima inahesabu tiki.
Iyad, kaka wa Muntaha, yuko kwenye hema la tatu, au la tano.
Tiki mbili za buluu: amesoma.
Tiki mbili za kijivu: simu ina moto.
Tiki moja, hatusemi.
Siwar, binti yao, ana miaka tisa,
anayajua haya kuliko jedwali la saba.

Alhamisi ile tulipeleka mkate wa kumimina.
Magharibi sahani ikarudi,
imeoshwa, inang'aa,
haina kitu.
Siwar ameishika kwa mikono miwili
kama mtu aliyevunja chombo cha watu.
"Mama anasema samahani."

Mama hakujibu. Alijitanda kanga,
akapanda ngazi arubaini na mbili na goti lake bovu,
mimi nyuma, sahani mkononi mwake.
Mlango wazi. Runinga, tuliyozoea kuisikia
ikinguruma usiku kucha juu ya vichwa vyetu, imezimwa.
Raafat jikoni anasugua sufuria safi.
Muntaha zuliani, simu mapajani.

Hapakuwa na kilio. Sijui kwa nini nilikitegemea.
Mama akakaa chini, na kukaa chini kwake ni kazi,
akaiweka sahani katikati yao
akasema, asijali kama anaeleweka:
"Hata ile meli, mwanangu, haikutuuliza tunataka wapi."

Muntaha akaitia simu ndani ya sahani, uso juu.
Wakaiangalia, wawili,
kama wanaochelea maziwa yasifurike.

Mimi nilishuka. Nilikuwa nimeacha jiko linawaka.
Sahani bado iko kwao.