Tundu la Saba

Bi Nargis aliingia gereji na mto mkononi,
mto wa kitandani, wa maua ya zambarau,
alioegemeza mgongo miezi kumi na mmoja
ili mguu wake ufike kwenye klachi.
"Kiti hakisogei," akasema. "Marehemu baba
alikuwa na miguu ya twiga."

Gari lenyewe nalijua. Nani Shimanzi asiyelijua?
Datsun ya milango miwili, boneti ndefu kama ulimi wa mbea,
rangi ya chungwa, ingawa sasa ni chungwa la juzi.
Bwana Karimbhai akilipitisha Makupa
hata trafiki alisahau filimbi mdomoni.

Nikajilaza. Tochi kwenye meno, shavu kwenye zulia
lenye mchanga wa Nyali na harufu ya iliki.
Reli ya kulia: kutu. Hiyo ni haki ya chumvi,
mji huu hula chuma bila hata kutafuna.
Springi: imekatika.
Vigurudumu vya plastiki: unga.
Reli ya kushoto...

Hapo nikanyamaza, mimi na tochi yangu.

Palikuwa na donge la kulehemu,
baya, limevimba kama kipele kilichokunwa,
limelifunga jino ndani ya tundu la saba.
Na pembeni, mkia wa chuma kilichochuruzika,
kazi ya mtu asiyejua kuondoa moto kwa wakati.
Naujua mkia huo.
Nilikuwa na miaka kumi na saba.

"Choma, kijana," alisema, jicho kwenye saa.
"Jino likikatika kila mwezi nitakuja kwenu kila mwezi?
Choma tu. Nani mwingine atakayekikalia?"
Nikachoma.
Binti yake alisimama mlangoni na sare ya shule,
akila embe la pilipili.
Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Siku nne. Msumeno, kisha tupa, kisha tupa ndogo,
kisha ile ya mkia wa panya.
Duka la vipuri Mwembe Tayari walinicheka:
"Fundi, hiyo gari ina umri wa baba yangu."
Basi jino nikalichonga kwa springi bapa
ya lori lililofia Miritini.
Vigurudumu nikavikata kwenye ubao mweupe wa jikoni;
mke wangu angali anautafuta.
Springi aliipata Mbodze, mwanagenzi wangu,
kwenye kiegemeo cha baiskeli.
Akaivuta, akaiachia, akaivuta tena:
"Hii ina roho, fundi."
Grisi, lakini kidogo.
Grisi nyingi huita mchanga
kama harusi inavyoita wasioalikwa.

Bi Nargis akaketi. Akashika wenzo, akavuta.
Ta.
Akashtuka, akanitazama kama mtoto aliyevunja kikombe.
Ta, ta, ta. Tundu la tatu.
Mguu ukaikuta klachi, magoti yakapata nafasi yake.
Nikadhani tumemaliza.

Akavuta tena, akajisukuma nyuma,
mpaka mwisho, mpaka la saba.
Akanyoosha miguu; haikufika popote.
Akanyoosha mikono; vidole vikagusa usukani kwa ncha.
Akakaa hivyo, mbali na kila kitu,
muda wa chai kupoa.
Mbodze akataka kusema neno, nikamkanyaga.
Kisha, polepole,
ta,
ta,
ta, ta.

Sikumwambia.
Kwenye risiti niliandika reli, jino, springi,
vigurudumu vinne.
Penye ufundi nikafuta, nikatoa mia nane.
"Mbona umepunguza?"
"Deni la zamani," nikasema.
Hakuuliza ni la nani.
Akawasha; Shimanzi nzima ikageuza shingo.

Mto ameusahau.
Mbodze anasema tumpigie simu.
Nimeuweka kwenye kigoda changu, nasema kesho,
na kesho nasema kesho.