Kopo la Rangi

Saa kumi na moja kasoro, Kitunda bado giza,
natoka lindoni, tochi ya simu mdomoni.
Wananisikia kabla sijagusa komeo.

Kopo ni la rangi ya mafuta, bluu, la lita moja.
Pumba makopo matatu, mashudu ya alizeti moja,
chumvi kiasi cha kuficha ukucha,
na majani ya nje ya kabichi, yale Mama Nangasu
anayoyabandua sokoni Buguruni na kunifungia kwenye kiroba:
"Wapelekee wajawazito wako."

Februari hii jua limeramba kila kitu.
Zamani nilikata ukoka kandokando ya reli.
Reli mpya ina uzio, na kijana wa ulinzi
alinifukuza kwa adabu: "Shikamoo mzee. Toka hapo."
Nami ni mlinzi. Nilimwelewa.
Sasa napanda lusina nyuma ya shule
kwa magoti yasiyotaka kupanda kitu.

Mke wangu Tabu anahesabu kwa mkaa ukutani,
mistari mitano mitano,
tangu dume la Mbwambo lilipolala kwetu siku tatu
kwa elfu kumi na tano na maneno mengi.
Ikifika mia na arobaini na tano, anasema, hakuna kulala.

Haba na haba hujaza kibaba.
Waliosema hawakutia kiganja ubavuni mwa kondoo
mwenye mapacha, wiki tatu kabla.
Humo kibaba kimekwishajaa.
Tumbo la chakula limesukumwa pembeni
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Anatakiwa kula kwa watatu, na nafasi ni ya nusu.
Basi haba alfajiri, haba adhuhuri, haba magharibi:
si kujaza, ni kupenyeza.

Napapasa migongo. Kiberiti ana nyama juu ya uti,
namnyima mashudu, ananitukana kwa macho.
Bi Harusi yuko sawa.
Hamsini, niliyemnunua mnadani Pugu
elfu hamsini kwa sababu ya mguu,
mgongo wake ni msumeno ndani ya gunia.

Jana hakuja kwenye kopo.
Alisimama akiutazama ukuta, kama anasoma mistari ya Tabu.
Nikamnusa mdomo: harufu tamu,
tamu ya ndizi iliyosahauliwa kabatini.
Anakula mafuta yake mwenyewe
ili walio ndani wasijue kuna njaa.

Mbuzi angelia mtaa mzima ukaamka.
Wanasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana.
Aliyesema hakuwa na kondoo.

Tabu alitoka na sukari yetu, robo iliyobaki ya mwezi,
akaikoroga katika maji ya moto, akapoza kwa kupuliza.
Hakuniuliza. Nilishika taya, yeye chupa ya soda,
polepole, pembeni mwa ulimi, asipaliwe.
Kila baada ya sala tukarudia.
Chai tulikunywa kavu, hatukuitaja.

Leo alfajiri nimemkuta amelala, shingo juu.
Nimemsogezea kijiti kimoja cha lusina.
Midomo imetikisika. Jani moja limeingia,
la pili limebaki likining'inia,
hatafuni, hatemi.

Tabu amesimama nyuma yangu na mkaa mkononi.
Mstari wa leo ameuchora nusu.