Daraja

Karatasi ya Chuma-Hakilali imetoboka
pale palipoandikwa daraja.
Nilifuta moja nikaandika mbili,
nikafuta mbili nikaandika tatu,
kwa kifutio kigumu cha duka la Nyawera,
hata sita nimeiandika kwenye ukurasa wa chini,
naisoma kupitia tundu.

Tunacheza Jumamosi, kwa kina Nzigire, Kadutu,
ambako vidato vya udongo huteremka kati ya bati na bati
na siku ya mvua mtu huvihesabu kwa makalio.
Umeme ukikatika hatuachi.
Kete ya pande ishirini tunayo moja.
Ikibingirika chini ya kitanda
sote tunapiga magoti na tochi za simu,
na anayeiona kwanza haruhusiwi kuigusa
mpaka mashahidi wawili wasome namba.

Asifiwe, mdogo wake Nzigire, kaja juzi na maswali.
Daraja ni nini? Ni umri?
Si umri. Mchawi wa Cikuru ana miaka mia mbili
na ndevu za kufagia ua,
ila yuko daraja la kwanza:
panya wa ghalani akimng'ata mara mbili, tunachimba kaburi.
Basi ni nguvu?
Nguvu, ndiyo, kiasi. Jana uhai sita, leo kumi na mmoja.
Na shingo?
Shingo ni ileile.
Akacheka. Kumbe upanga haujui kusoma karatasi!
Nikakosa jibu.

Nzigire ndiye msimulizi wetu; hakuinua macho.
Daraja haliko kwako, akasema, liko kwangu.
Ukiwa wa kwanza nakuletea panya.
Ukiwa wa sita, nikikuletea panya
nitakuwa nimekutukana.

Mimi la nne sikulipata kwa kuua.
Tulikuta jitu limelala mlangoni pa pango,
tukakimbia. Tukaacha dhahabu, tukaacha na punda.
Nilidhani tumepoteza jioni nzima.
Nzigire akatafuna kalamu, kisha akatupa alama zote:
anayejua saa ya kukimbia
hafundishwi mara ya pili.
Mama yake alikuwa uani akichambua sambaza.
Akaitikia, Ndiyo,
na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Cikuru husema nivo, kama maji ndani ya pipa:
yamejaa, yamepungua.
Mimi nashikilia neno letu,
kwa kuwa ndilo lililolala juu ya Ruzizi
na watu wanapita na magunia yao.
Aliyevuka daraja harefuki.
Ni ng'ambo tu imekuwa huku,
na huku, ukigeuka kutazama,
kumekuwa ng'ambo.

Karatasi ya Byamungu tumeiweka ndani ya plastiki.
Daraja la tano. Alikwenda Kamituga mwezi wa sita,
kuchimba dhahabu ambayo hakuna msimulizi aliyeificha.
Siku tulipopanda sote, tulibishana:
tumpandishe naye?
Asiyekuwepo hapandi, akasema Nzigire,
na sauti yake haikuwa ya msimulizi.
Byamungu akipata mtandao hupiga simu.
Haulizi habari za nyumbani kwanza.
Niko ngapi?
Tano.
Sawa, nisubirini hapo,
na simu inakatika.

Tunasubiri vipi, wakati mlango wa pango uko wazi?
Juzi mlinzi wangu aliua kitu chenye vichwa vitatu
na sikusikia fahari. Nilitazama kiti.

Asifiwe amekaa juu yake sasa,
miguu haifiki chini.
Amerusha kete: mbili.
Shujaa wake ana uhai wa nne na jina refu kuliko maisha yake,
naye ameshika penseli kwa ngumi nzima
ili aandike moja, kubwa, nyeusi,
ya kudumu.

Taratibu, nikamwambia.
Usiikandamize.