Mifuko Mia Nne na Kumi

Nilikuwa na madaftari mawili.
La kwanza jembamba, lina jalada la gazeti,
na kazi tatu za mwaka mzima:
kibanda cha chipsi Makorora,
choo cha msikiti, ambacho kweli sikulipwa,
na ukuta wa jirani, kimo cha mbuzi.
Hilo ndilo nililolipeleka kwenye makadirio,
nimevaa kandambili, shati lina madoa ya rangi,
uso nimeukunja kama turubai.

La pili nene, lilikaa kabatini
chini ya kanga za Mwanakombo.
Humo walilala wenye nyumba wa Raskazone,
maghala ya Pongwe, ghorofa la Kange,
na yule daktari aliyeniuliza
mkono wake ukiwa bado kwenye mlango wa gari:
"Na risiti ni bei gani? Na bila risiti?"
Nikamtajia zote mbili.
Akachagua ya pili. Wote huchagua ya pili.

Nisijifanye ilikuwa dhiki.
Dhiki naijua, nimebeba zege kwa ndoo Chumbageni
kwa ujira wa wali maharage.
Hii haikuwa dhiki. Hii ilikuwa utamu.
Na gari lilipotumbukia shimoni
pale Barabara ya Kumi na Tano,
nilipiga usukani nikasema, "Wanakula tu hao,
tuwape za nini?"
nikahisi nimeshinda kesi.

Bi Nakiete alikuja Jumanne, saa nne asubuhi.
Hakuja na polisi. Hakuja na kufuli.
Alikuja na mkoba, kikokotoo na chupa ya maji,
akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa
maana stoo yangu haina viti.
Nikamwagizia soda. Akashukuru, akanywa maji yake.
Nilikuwa na bahasha mfuko wa nyuma.
Nikaikalia.

Akauliza, kama mtu aulizaye njia:
"Fundi, kibanda cha chipsi kinakula mifuko mingapi?"
Kumi na miwili, nikasema.
"Na choo?"
Ishirini, pamoja na shimo.
"Na ukuta?"
Ishirini na mmoja. Hapo niliongeza kidogo,
nikijiona mjanja.
Akajumlisha. Kisha akakunjua karatasi
ndefu kama kilemba.

Duka la saruji lina mashine.
Kila nilipopakia, mashine ilitema namba yangu,
tarehe, saa, dakika,
kwa kuwa namba niliitoa mwenyewe, kwa kinywa changu,
nipate punguzo la shilingi mia tano kila mfuko.

"Mia nne na kumi," akasema.
"Hamsini na mitatu umeshanionyesha.
Mia tatu hamsini na saba iliyobaki, fundi,
umeila?"

Kijana wangu Hoza, mchanganya zege,
aligeukia ukutani akajikoholesha.
Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Basi nikaenda nyumbani nikainua kanga.

Kodi, riba ya kodi, faini juu ya riba.
Nililipa kwa mafungu saba.
Fungu la nne niliuza mashine ya zege,
tukarudi kuchanganya kwa koleo
na Hoza hakucheka tena.
Daktari naye alitembelewa; nasikia
alisema hanifahamu.
Nyumba yake nimeijenga mimi, hadi kigae cha bafuni,
na kuna nondo moja pale nimeipinda vibaya
ninayoijua peke yangu.

Shimo la Barabara ya Kumi na Tano lipo vilevile.
Nalipita polepole, nalitukana,
safari hii nikiwa na risiti mfukoni.

Jana usiku kanipigia mtu wa Mikanjuni.
Anataka vyumba vitatu na baraza.
Akauliza bei. Nikataja.
Akashusha sauti: "Na ile nyingine?"
Nilinyamaza
mpaka akadhani mtandao umekata,
akawa anaita, haloo, fundi,
haloo, upo?